Uso wa Mwizi: Suala la Hukumu katika Melodrama Bubu za Uhalifu

Utangulizi

Filamu bubu za uhalifu zilizotengenezwa Ulaya na Marekani kabla ya 1930 hazijapata nafasi kubwa katika uhakiki wa Kiswahili. Sababu yake si ngeni: uhakiki huu umejengwa juu ya neno, na filamu hizi hazina neno linalosikika. Makala hii inadai kwamba ukimya huo ndio hasa unaozifanya zistahili kuchunguzwa, kwa kuwa unaibua swali la kimaadili: je, ni haki kumhukumu mtu kwa sura na ishara zake, bila ya kumsikiliza? Swali hili linajadiliwa kwa kuitazama pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Diani hadi Msambweni na kuendelea mpakani, ambako halikuwahi kuwa swali la nadharia tupu.

Peter Brooks, katika The Melodramatic Imagination (1976), anaichukulia melodrama kuwa utanzu unaotaka wema na ubaya viweze kusomeka waziwazi, katika ulimwengu ambao umepoteza uhakika wa zamani juu ya mambo hayo. Kwa maoni yake, ububu una nafasi ya pekee katika utanzu huu: pale ulimi unaposhindwa, mwili husema. Filamu bubu ya uhalifu iliurithi msimamo huo na kuuzidisha. Mwovu hutambulikana kwa jicho, kwa mkono na kwa mwendo. Hadhira haiambiwi kuwa huyu ni mwizi, inamwona.

Uso kama ushahidi

Mfano bora wa hatari ya kuona huko ni The Cheat (1915) ya Cecil B. DeMille. Mwanamke wa tabaka la juu anazichukua fedha za hisani alizoaminiwa, anazipoteza, kisha anakopa kwa tajiri wa Kiasia aliyeigizwa na Sessue Hayakawa. Mkopeshaji anapoona ahadi imevunjwa, anamtia mwanamke huyo chapa ya moto begani. Mahakamani, bega linafunuliwa, na umati uliohudhuria unataka kumuua mtu huyo papo hapo. Wizi ulioanzisha kisa chote unasahaulika. Chapa imeonekana, na kilichoonekana kimekishinda kilichotendwa.

Jambo la kuzingatia zaidi lilitokea baadaye. Katika toleo la 1915 mhusika huyo alikuwa Mjapani. Wajapani waliokuwa Marekani walilalamika, na filamu ilipotolewa upya mwaka 1918 aligeuzwa kuwa Mburma kwa kubadilishwa maandishi yaliyopachikwa kati ya picha. Picha zenyewe zilibaki vilevile. Uso uliodhaniwa kuwa ushahidi usiopingika ulihamishwa kutoka taifa moja hadi jingine kwa maneno machache. Ni dhahiri basi kuwa picha bubu haihukumu peke yake. Yuko anayesema kwa niaba yake, naye hukumu iko mikononi mwake.

Nani anayesema?

Hoja hii ina uzito wa pekee Afrika Mashariki, kwa kuwa huku ububu wa filamu ulidumu baada ya kwisha Hollywood. Kati ya 1935 na 1937 mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kusini ya mpaka unaopakana na Kwale. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo, yakiwemo ya Kiswahili, yakarekodiwa kwenye sahani za santuri. Kuanzia 1939 Colonial Film Unit nayo ilitegemea zaidi filamu bubu, ambazo msimulizi alizifafanua kwa kipaza sauti mbele ya hadhira.

Miongoni mwa filamu za Vugiri imo moja ambayo ni melodrama ya uhalifu kwa kila kigezo: Post Office Savings Bank. Mtu mmoja anazifukia fedha zake chini ya sakafu ya nyumba, na mwizi anaziiba. Mwingine anaziweka posta, nazo zinasalimika. Haifai kulidharau funzo hili. Mwizi anayeiba akiba ya maskini anamtendea uovu wa kweli, na uhakiki unaokataa kuliona hilo kwa kuwa filamu ni ya mkoloni unakuwa umehukumu kwa sura. Pamoja na hayo, msemaji ni mmoja tu. Aliyefukia fedha hapewi nafasi ya kueleza kwa nini hakuiamini ofisi. Anaonyeshwa kuwa mjinga, na ujinga wake unasomeka usoni kama unavyosomeka wizi wa mwenzake.

Mwizi asiye na uso

Katika pwani ya kusini, sababu za kutoiamini ofisi zilikuwepo. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya pwani wayawasilishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Haikuutambua umiliki wa pamoja, na kwa hiyo Wadigo wengi, ambao ushahidi wao ulikuwa minazi, makaburi na kumbukumbu za wazee, walijikuta ni maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Tendo hilo halina sura wala mkono unaopenya dirishani usiku. Kamera inaweza kumwonyesha anayeiba sarafu. Haiwezi kuonyesha shamba linavyohama kwa njia ya daftari. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na melodrama bubu haioni ndani ya nguo.

Udhaifu huu si wa filamu pekee. Huko Kwale na Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kumekuwa na mgogoro wa urithi wa ardhi. Mvi na macho mekundu hufanywa ushahidi, na mzee huhukumiwa kabla hajafungua kinywa. Umati unaotenda hivyo unaufuata mkondo uleule wa umati wa mahakamani katika The Cheat: umeona, kwa hiyo umejua. Kinyume chake ni kanuni inayofahamika vyema katika jamii hii ya Kiislamu, kwamba mdai hutakiwa alete ushahidi na anayekana hupewa kiapo. Msingi wa kanuni hiyo ni kwamba mtuhumiwa lazima asikike.

Hitimisho

Haifuati kutokana na hayo kwamba filamu hizi zitupwe. Zipo zilizoutambua udhaifu wa utanzu wao zikaugeuza kuwa maudhui, na hizo ndizo zinazofaa kupendekezwa kwa wanafunzi wa fasihi. Ya kwanza ni The Lodger (1927) ya Alfred Hitchcock, ambamo mpangaji mwenye kila dalili ya uuaji anakaribia kuuawa na umati, kumbe hana hatia. Mtazamaji aliyemshuku tangu mwanzo anajikuta yumo ndani ya umati huo. Ya pili ni Dr. Mabuse, der Spieler (1922) ya Fritz Lang, ambamo mhalifu hubadili sura apendavyo na kuvuna mali katika soko la hisa. Huyu anamkaribia zaidi mwizi wa daftari. Ya tatu ni The Cheat yenyewe, katika toleo la 1918, isomwe kwa kuulizwa kila mara: maneno haya ni ya nani?

Zikitazamwa sambamba na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa huufikia ukweli kwa kuuliza na kusikiliza, tofauti itadhihirika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini si kila mshindo ni ukweli. Mtazamaji wa melodrama bubu ana wajibu mmoja ambao filamu haiwezi kumtimizia: kuiahirisha hukumu mpaka aliyenyamazishwa apate kusema.