Sanduku la Mitandio

Enyi mabibi wa Garissa, na nyinyi waume mnaowanunulia,

Yajulikana kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Surat An-Nur, aya ya 31, mitandio iteremshwe mpaka vifuani. Hilo halina mjadala baina yetu. Mjadala ni huu: ile iliyolala sandukuni ina kazi gani?

Mji wetu ni wa joto na vumbi. Mtandio ukikunjwa na jasho lake huota ukungu na kuoza. Basi na ufuliwe, uanikwe ukauke kabisa, ndipo ufukizwe udi au uunsi. Shashi za hariri na garbasari zifungwe katika shuka safi. Mtandio wa sala utengwe peke yake, usichanganyike na nguo za mtoto mchanga, kwa khofu ya najisi. Ama vumbi si najisi. Wako wanaoakhirisha sala kwa ajili yake, na hali udongo safi ndio tunaotayamamia!

Lakini usafi wafaa nini ikiwa sanduku limejaa hata halifungiki? Mafuriko ya Mto Tana ya mwaka 2023 na 2024 yaliwatoa watu majumbani mwao, na wako waliotoka na nguo za mwilini tu. Dada yangu, mtandio usioikumbuka hata rangi yake mpaka uukunjue, huo ni wa nani? Israfu haimo chakulani peke yake. Fungua sanduku kabla ya Ijumaa hii, utoe ulio mzuri, si uliotoboka, umpelekee jirani kwa siri, asione haya.