Je, Kusema kwa Kuficha ni Uongo?



Katika toleo hili nimeombwa niandike juu ya mawasiliano katika uongozi wa kanisa. Nilipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa somo hilo muhula mzima: sauti isikike hadi nyuma, usiwageuzie watu mgongo, mahubiri yasipite dakika arobaini. (Hilo la mwisho wengi wetu tulilisahau siku ile ile ya mahafali.) Ni mambo mazuri, lakini siyo yanayonisumbua. Linalonisumbua ni swali moja: mtu akisema maneno ambayo yote ni ya kweli, lakini ameyapanga kwa namna ambayo msikilizaji hataelewa, je, amesema uongo au hakusema?

Nauliza kwa sababu mimi nimefanya hivyo, tena nikiwa madhabahuni.

Kanisa letu lina mfuko mdogo wa wajane. Kila mwezi kaya 12 hupata ndoo ya mahindi na chupa ya mafuta. Mnakumbuka Julai 2023, wakimbizi wa Uganda tulipogawanywa katika makundi 3 kwa ajili ya msaada wa chakula, na kundi la tatu halikupewa kitu. Tangu hapo waliobisha mlango wa kanisa wakawa wengi kuliko ndoo tulizo nazo. Baraza la wazee likakaa, likaona kaya 5 za zamani zitoke ili nyingine zenye shida zaidi ziingie. Kazi ya kutangaza nikapewa mimi.

Jumapili ile nikasimama nikasema: “Wale ambao Bwana amewainua kidogo, wataendelea kubebwa katika maombi ya kanisa, na mfuko utawafikia wengine pia.” Watu wakasema amina. Mama mmoja wa watoto wanne, ambaye jina lake lilikuwa limeondolewa, alisema amina kwa sauti kuliko wote.

Yeye alielewa kwamba mfuko unapanuka. Wiki ile ile mkulima mmoja mwenyeji alikuwa amemwita wakalime maharage nusu kwa nusu, shamba la mbali, ingempasa alale huko mpaka kupanda kuishe. Akakataa, kwa maana mgao wetu hapewi mtu ambaye hakuja mwenyewe. Siku ya mgao akafika na ndoo yake, ameiosha vizuri. Shemasi akafunua daftari, akamwambia jina halipo. Mimi nilikuwa ndani, ninasikia yote kupitia dirishani. Sikutoka.

Mvua za mwezi wa tisa zikapita, na shamba lile likalimwa na mtu mwingine.

Nilijitetea moyoni kwa muda mrefu. Nilisema: sikudanganya. Ni kweli kijana wake mkubwa alikuwa amepata leja leja, kwa hiyo ameinuliwa kidogo. Ni kweli tulimwombea. Ni kweli mfuko uliwafikia wengine. Pima neno moja moja, hutapata la uongo. Lakini hesabu hii ilikataa kukaa sawa. Kama nilitaka ajue, maneno yalikuwepo: “Mama, jina lako limetoka.” Ni maneno manne, hata mtoto wa Shule ya Jumapili angeyasema. Niliyaacha, nikachukua maneno zaidi ya kumi na manne, na sababu ya kuyaongeza ilikuwa ni kwamba nisione uso wake ukibadilika mbele ya kusanyiko.

Hapo ndipo nimefika katika mawazo yangu, na msomaji anaweza kunisahihisha. Naona uongo haukai mdomoni peke yake. Unakaa katika kile ninachotaka kibaki ndani ya kichwa cha mwenzangu baada ya mimi kunyamaza. Mtu anaweza kudanganya kwa kunyosha kidole tu, amwonyeshe mgeni njia isiyo yenyewe, bila kutamka neno lolote. Na mimi nilimwonyesha yule mama njia isiyo yenyewe kwa maneno yaliyo safi.

Najua wazee watanipinga. Watasema: Pasta, sisi siyo watu wa kutupa maneno kama mawe. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba kwa simu kwa ghafla. Anaambiwa “mgonjwa amezidiwa, panda gari uje,” na akifika anakuta watu wamekaa nje, naye anaelewa mwenyewe, tayari kuna mikono ya kumshika. Je, huo nao ni uongo? Na mafumbo na methali ambazo wazazi walitulelea, tuzitupe?

Wana haki ya kuuliza, na nimelifikiria jambo hili usiku mwingi. Jibu langu ni kwamba yule wa msiba anafichwa saa, hafichwi jambo. Tena kila anachotakiwa kufanya, yaani kuja, ameambiwa. Fumbo lile limemfikisha mahali anapopaswa kuwa. Fumbo langu lilimzuia mama yule kwenda mahali alipopaswa kuwa, yaani shambani. Tena tuulize fumbo linamkinga nani. La msiba linamkinga mfiwa. La kwangu lilinikinga mimi.

Angalieni nabii Nathani mbele ya Daudi (2 Sam. 12). Alianza kwa mfano wa maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Hakumvamia mfalme. Lakini hakumwachia Daudi aende nyumbani akibahatisha tajiri yule ni nani. Mfano ulipofungua moyo, Nathani alimwambia waziwazi kwamba mtu huyo ni yeye. Kama angeishia kwenye mwana-kondoo, Daudi angetoa hukumu nzuri juu ya mtu asiyemjua, akalala usingizi. Mafumbo yetu mengi ya kanisani yanaishia kwenye mwana-kondoo.

Kuna mtu mwingine katika kitabu hicho hicho ambaye sasa simsomi bila kuona aibu, naye ni Ahimaasi mwana wa Sadoki (2 Sam. 18). Absalomu amekufa vitani, na Ahimaasi anaomba ruhusa apeleke habari kwa mfalme. Yoabu anamkataza, tena anamwambia sababu, kwamba mwana wa mfalme amekufa. Mkushi anatumwa badala yake. Ahimaasi anang'ang'ania mpaka anaruhusiwa, anakimbia njia ya bondeni, anampita Mkushi. Anafika wa kwanza, anatangaza amani na ushindi. Mfalme anauliza juu ya kijana wake. Ahimaasi anajibu kwamba aliona kishindo kikubwa lakini hakujua ni cha nini. Alijua! Aliambiwa! Mfalme anamwambia asimame kando, na yule mgeni, Mkushi, anafika na kubeba uzito wote wa habari.

Ahimaasi ni mimi, na daftari la shemasi ndilo Mkushi wangu. Viongozi tunapenda kuwa wa kwanza kufika na habari za amani, na kwa habari nzito tunaona kishindo tu. Shemasi yule ana umri wa miaka 23. Ndiye aliyetukanwa siku ile kwa kosa langu.

Nikirudi kwetu hapa Nakivale, makazi yaliyoanza mwaka 1958, tuna shida nyingine ambayo siyo ya moyo bali ya lugha, na mara nyingi zinachanganyika. Tunakaa Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Tunasema wote tunajua Kiswahili, lakini Kiswahili kipi? Mwaka mmoja ilitangazwa kwamba baada ya semina ya akina mama kutakuwa na posho. Waliozoea Uganda walijua ni ugali. Sisi tuliopitia kambi za Kigoma tulijua ni pesa. Semina ilijaa kuliko zote, na ikaisha kwa manung'uniko, watu wameshika sahani. Siku nyingine ilisomwa barua kwamba mzee fulani amesimamishwa juu ya pesa za kanisa. Kwa Mkongo wa Kivu, “juu ya” ni “kwa sababu ya”, basi mzee ameachishwa kazi kwa ajili ya wizi. Aliyesoma Tanzania alielewa mzee amepewa cheo cha kuzisimamia, akaenda kumpongeza nyumbani. Tulicheka sana. Mzee mwenyewe hakucheka.

Haya hayakuwa uongo, yalikuwa bahati mbaya. Lakini tukishajua kwamba neno lina maana mbili kati yetu, tukaendelea kulitumia hivyo hivyo, bahati mbaya imekwisha. Ndiyo maana namheshimu mkalimani kuliko mhubiri. Katika Nehemia 8 Ezra alisoma torati, lakini Walawi walikuwepo kati ya watu wakieleza maana mpaka watu wakafahamu, na kulia kwao na furaha yao vilikuja baada ya kufahamu. Paulo naye katika 1 Wakorintho 14 anaichukua tarumbeta: ikitoa sauti isiyoeleweka hakuna atakayejiandaa kwa vita. Hakusema tarumbeta iwe na sauti kubwa. Alisema iwe na sauti inayojulikana. Sisi tumenunua spika mbili.

Na wakalimani nao wana jaribu lao. Nimewahi kuhubiri juu ya waume wanaouza mahindi ya watoto ili wanywe pombe, na mkalimani wangu, kijana mwenye adabu, alipofika hapo akasema kwa Kinyarwanda kitu kifupi sana. Baadaye aliniambia baba mkwe wake alikuwa amekaa mstari wa mbele. Sikumlaumu. Nilimwambia tu: siku hiyo wewe na mimi tulifanya kazi moja.

Lakini haki lazima isemwe kwa pande zote mbili. Msikilizaji naye ana wajibu. Katika Yoshua 22, makabila yaliyokaa ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa bila kumwambia mtu. Wenzao waliposikia, walikusanyika Shilo tayari kwa vita, wakidhani ndugu zao wamemwacha Bwana. Ilibaki kidogo damu imwagike. Lakini kabla ya kwenda walimtuma Finehasi na wakuu kumi wakaulize. Wakakuta madhabahu si ya sadaka, ni ya ushahidi, kwa sababu wale wa ng'ambo waliogopa kwamba siku moja watoto wao wataambiwa hawana sehemu katika Bwana. Wajenzi walikosa kwa kutosema kwanza. Waliosikia walikaribia kukosa zaidi, lakini wakauliza.

Sisi hapa hatumtumi Finehasi. Tukisikia kwamba orodha ya kwenda Marekani imebandikwa, au kwamba makazi yanafungwa, habari inafika Rubondo kabla mtu hajaenda kusoma karatasi. Tumehukumiwa mara nyingi na karatasi, kwa hiyo tunaogopa kuzisoma, nayo hofu inatujazia maneno. Naelewa hofu hiyo, ni yangu pia. Ila naona pia kwamba uvumi hukua zaidi pale viongozi waliponyamaza au waliposema kama nilivyosema mimi. Mwaka ule wa 2023 mtu aliyekatiwa chakula aliambiwa yumo katika kundi la wanaojitegemea. Tulikasirika, tukasema hilo ni neno la kufunika shimo. Kisha mimi nikapanda madhabahuni nikatafuta neno langu mwenyewe la kufunika shimo.

Nilikwenda kwa yule mama baada ya miezi miwili. Ningetakiwa kwenda siku ile ile. Nilikwenda na mke wangu, tukaketi, nikasema nilichofanya, bila kuzunguka. Alinyamaza kidogo, akasema: “Pasta, njaa naijua. Ungeniambia tu, ningeenda kupanda.” Hakusema zaidi, akatupa chai. Nilitegemea atalia au atanifokea, na nadhani ndiyo sababu nilimkwepa. Yeye alihitaji habari ili apange siku zake. Mimi nilimfanya mtu wa kubembelezwa.

Baada ya hapo baraza la wazee lilikubali jambo moja, nalo naliandika hapa ili kila familia ijue. Jina likitoka katika mfuko, mzee mmoja atafika nyumbani na kumwambia mhusika mwenyewe, siku 14 kabla ya mgao, aeleze ni kwa nini na mpaka lini. Halitatangazwa mbele ya watu. Na kila tangazo la ibada, likishatafsiriwa, tutamwomba mtu mmoja kati ya waliokaa asimame aseme alichosikia, kwa lugha yake.

Tumejaribu Jumapili tatu. Ya kwanza, nilitangaza mkutano wa vijana saa nane, na babu mmoja akasimama akasema amesikia vijana wanane wanatakiwa ofisini. Ya pili ilikwenda vizuri. Ya tatu nilimwomba yule mama. Alisimama, akarudia tangazo lote neno kwa neno, tarehe na mahali, kisha akauliza, “Na asiyeweza kuja siku hiyo afanyeje?” Hilo tulikuwa hatujalifikiria, na bado tunalijadili.