Nani anabeba dhima ya daraja lililobomoka?

Mwezi Mei 2024 mvua kubwa zilizofuatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, pale Somanga wilayani Kilwa. Habari ile sote tuliisikia, kwa sababu ile ni barabara kuu. Barabara za vijijini hukatika kila masika na hakuna anayeandika. Huko daraja likiondoka, mama mjamzito hubebwa kwa machela, mazao huozea ghalani na mwalimu hafiki shuleni.

Tumezoea kusema: hiyo ni qadari ya Allah. Ni kweli, mvua ni ya Allah (s.w.), tena ni rehema. Lakini kalavati lililoziba si mvua. Muulize fundi yeyote wa barabara, atakwambia adui wa barabara ya udongo ni maji yaliyokosa pa kupita. Mtaro ukijaa mchanga na majani, maji hupanda juu ya barabara, hula kingo za kalavati, na kwa usiku mmoja njia inageuka korongo. Kabla ya hapo dawa ilikuwa majembe na koleo. Baada ya hapo ni greda, kifusi, saruji na mamilioni. Benki ya Dunia, katika Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1994, ilieleza kuwa matengenezo ya dola bilioni 12 yaliyofanywa kwa wakati yangeiepushia Afrika gharama ya dola bilioni 45 za kujenga upya barabara.

Sasa swali: anayeujua mtaro umeziba, akapita kando yake kila siku mpaka mtu akafa maji, ana dhima gani?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Hadithi hii tunawasomesha watoto madrasa kwa mfano wa mwiba na ganda la ndizi. Sioni kwa nini sisi watu wazima tuishie kwenye ganda la ndizi. Na inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alihofia kuulizwa juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq kwa kuwa hakumtengenezea njia. Iraq, na yeye yuko Madina!

Wapo watakaosema: sisi tumeshalipa. Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya Mfuko wa Barabara, na hata abiria wa daladala huilipa ndani ya nauli. Tangu mwaka 2017 ipo TARURA kwa kazi ya barabara za vijijini na mijini. Fedha ile ni amana, na mkandarasi anayepunguza saruji kwenye daraja amefanya ghushi, hata akiswali safu ya kwanza. Kudai hesabu yake ni haki yetu, bali ni wajibu. Ila fardhi kifaya haiondoki kwa kuwa yupo aliyelipwa kuifanya. Huondoka ikishafanywa. Isipofanywa, kila mwenye uwezo ana fungu lake la dhambi, na mwenye mamlaka fungu lake ni kubwa zaidi.

Sisi wa mijini tuna tabia ya kuchangia kinachoonekana. Msikiti kijijini kwetu tutauchangia, na kibao cha marumaru kitabandikwa. Mtaro uliozibuliwa haubandikwi kibao, na mwakani utaziba tena. Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831, anakumbukwa kwa visima na mabirika ya njia ya mahujaji kutoka Kufa mpaka Makka. Birika la jangwani nalo hujaa mchanga, lazima awepo wa kulizoa.

Wengine huuliza kama zaka yaweza kutumika hapa. Ibn Qudama katika al-Mughni hakuruhusu zaka iende kwenye madaraja na barabara, kwa kuwa wanaostahiki wametajwa. Basi mlango uliopo ni sadaka na wakfu. Na wakfu wa mtaro hauhitaji tajiri: majembe, koleo, toroli mbili, na posho ya vijana watakaozibua makalavati mwezi Februari, na tena kabla ya vuli.