Nani Atakayeanza?

Masomo: Wafilipi 2, 1–11; Mathayo 18, 15–35



Mtume Paulo awaagiza Wafilipi ya kwamba mtu asiutazame upande wake peke yake, bali autazame na upande wa mwenzake. Siku ya Bwana neno hilo latupendeza sote, nasi twaitikia Amina. Lakini siku za kazi zikifika, huinuka mioyoni mwetu sauti nyingine, nayo yasema: “Ukimtazama mwenzako, nani atakutazama wewe?” Sauti hii si ya mpumbavu. Ni sauti ya mtu ajuaye kuhesabu, wala haifai kumnyamazisha kwa kumkemea tu. Na tuishike leo hesabu yake, tuifuate hata mwisho, tuone yatufikisha wapi.

Wafikirini watu wa mfongo mmoja, kama ile mifongo ambayo wazee wa Uchaga waliichimba katika miteremko ya Kilimanjaro, zamani kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika mwaka 1893. Maji hukingwa huko juu kwenye kijito kitokacho msituni, kisha huongozwa kandokando ya mlima hata yafike vihambani penye migomba na kahawa. Mvua ikinyesha kingo hubomoka, majani na matope huziba njia. Basi hutangazwa siku ya kusafisha, kila nyumba itoe mtu na jembe lake. Hapo mtu mmoja akiwa bado kitandani awaza hivi: “Wenzangu wakienda, maji yatafika kwangu hata nisipokwenda. Nao wasipokwenda, jembe langu moja halitafua dafu. Kwa njia zote mbili ni heri nilale.” Mkitafuta kosa katika maneno haya hamtaliona upesi. Walakini nyumba 20 zikiwaza hivyo, maji hayatafika kwa mtu, na migomba ya wote itanyauka. Kila mmoja amejichagulia lililo jema kwake, na wote pamoja wamepata lililo baya.

Fumbo hili limewashughulisha wenye elimu wengi. Iko elimu iitwayo nadharia ya michezo. Haihusu michezo ya watoto, bali hupima jinsi watu wachaguavyo, pindi faida ya mmoja inapotegemea na uchaguzi wa mwingine. Huko Marekani mwaka 1950, Merrill Flood na Melvin Dresher walilitunga fumbo hili kwa tarakimu, naye Albert Tucker akalieleza kwa hadithi ya wafungwa wawili. Watu hao wametengwa, kila mmoja chumba chake, na kila mmoja ameambiwa: ukimshtaki mwenzako, naye akanyamaza, wewe utaachiliwa, na yeye atafungwa miaka mingi kabisa. Wakinyamaza wote wawili, kifungo chao ni kifupi. Wakishtakiana, kifungo cha wote wawili ni kirefu. Kila mmoja akihesabu aona afadhali kushtaki, lolote atakalolifanya mwenzake. Hivyo hushtakiana, na wote wawili huumia kuliko kama wangalinyamaza.

Martin Luther, alipoufundisha Waraka kwa Warumi miaka ya 1515 na 1516, alieleza ya kuwa mwanadamu amejipinda kuielekea nafsi yake. Yeye alinena habari za dhambi; hawa wanena habari za hesabu. Lakini matokeo tunayaona kuwa mamoja: mtu ajitafutiaye yake tu hayapati hata hayo.

Je, Mungu amewaacha wanadamu katika hali hiyo? Sivyo. Msaada wa kwanza aliotupa ni sheria. Elinor Ostrom, mwanamke wa Marekani, ambaye mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alichunguza kwa miaka mingi habari za watu wanaoshirikiana maji, malisho, misitu na mahali pa kuvulia samaki. Wengi walikuwa wakinena ya kwamba mali ya wote haina budi kuharibika, isipokuwa serikali iishike, au igawanywe iwe ya mtu mmoja mmoja. Yeye, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Mahali ambapo watumiaji wenyewe wameziweka kanuni, wakalindana wenyewe, na adhabu ikaanza ndogo kisha ikaongezeka kwa mtu asiyesikia, mali ya wote imedumu hata karne nyingi. Katika mji wa Valencia huko Hispania, wakulima waliochaguliwa na wenzao hukutana kila Alhamisi mlangoni pa kanisa kuu, wakaamua kwa maneno ya kinywa mashauri ya maji ya mifereji yao. Na wazee wa mfongo nao hufanya vivyo hivyo: asiyefika kazini hutozwa faini, au hunyimwa zamu yake. Basi Mkristo akitozwa faini ya haki, asiseme kwamba ameonewa. Sheria hiyo yailinda migomba ya mjane pamoja na ya tajiri.

Lakini sheria haina macho ya usiku. Yaweza kumtoza faini asiyekuja; haiwezi kumfanya ampende jirani yake. Tusogee mbele basi.

Karibu na mwaka 1980, Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwaalika wataalamu walete, kila mmoja, kanuni ya kulicheza fumbo lile, si mara moja tu, bali mara nyingi na mwenzi yule yule. Kompyuta ikazishindanisha kanuni hizo. Wawili wakitendeana mema, kila mmoja hupata 3. Wakidanganyana, kila mmoja hupata 1. Mmoja akimdanganya aliye mwema, mdanganyifu hupata 5, na mwema hapati kitu. Katika shindano la kwanza zililetwa kanuni 14, katika la pili 62, na nyingine zilijaa hila nyingi. Iliyoshinda mara zote mbili ilikuwa fupi sana, nayo ililetwa na Anatol Rapoport wa Toronto. Yasema hivi: anza kwa wema, baadaye mtendee mwenzako kama alivyokutendea mara iliyopita. Akikosa, mjibu papo hapo. Akigeuka, geuka nawe, wala usimhesabie ya zamani.

Angalieni jambo moja, ndugu zangu. Kanuni hiyo ilipokutana na mwenzake, wawili peke yao, haikumpita hata mmoja. Ama walikwenda sawasawa, ama yenyewe ilipungukiwa kidogo. Walakini jumla yake ilizipita jumla za wote. Ilishinda pasipo kumshinda mtu. Na asikie mtu awaye yote ambaye furaha yake ni kumwona jirani akiwa chini yake.

Hata hivyo kanuni hiyo ina ugonjwa wake. Tuseme majirani wawili waifuata, nao wamekaa kwa amani miaka mingi. Siku moja fuko atoboa ukingo, na maji hayamfikii wa chini. Yeye adhani jirani yake wa juu amemwibia zamu, naye alipiza. Wa juu, asiyejua habari ya fuko, aona ameonewa bure, naye alipiza. Kila mmoja ajibu alichotendewa, na kulipizana hakuna mwisho. Mwaka 1992 Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwamba mahali penye makosa ya namna hii, kanuni isamehayo mara nyingine yafaa kuliko ile isiyosamehe kamwe. Na kwa tarakimu zile za Axelrod, kiasi cha kusamehe ni kama mara 1 katika 3.

Hesabu imefika hapo. Lakini Petro alipomwuliza Bwana kiasi cha kusamehe, akidhani ya kwamba mara 7 ni nyingi, Bwana alizizidisha mara 70, hata mhesabuji achoke kuhesabu. Magomvi mangapi katika sharika zetu yalianzia kwenye tundu la fuko? Mwalimu aendaye kuwapatanisha watu huwauliza: “Nani alianza?” Na hapo shauri halina mwisho, kwa maana kila mmoja ana siku yake anayoianzia hesabu. Afadhali awaulize: “Nani atakayeanza?”

Mtu aweza kuuliza: Je, kusamehe ni kumwacha mwizi aendelee kuiba maji? Hasha. Katika mlango ule ule wa 18, kabla ya swali la Petro, Bwana atuagiza tumwendee ndugu aliyekosa, kwanza peke yake, kisha pamoja na mashahidi, na mwisho mbele ya kanisa. Msamaha haufuti zamu wala haufuti faini. Huifuta chuki, na kumfungulia mwenzako njia ya kurudi.

Sasa tutazame nguzo ambayo hesabu hii yote yaitegemea. Nguzo hiyo ni kwamba kesho tutaonana tena. Nikimtendea mema jirani leo, ni kwa sababu nayangoja mema yake ya kesho. Lakini watu wakijua kwa hakika kwamba huku ndiko kukutana kwa mwisho, hesabu yageuka, yasema: nyakua, maana hutalipizwa. Basi msafiri apitaye, mgonjwa asiyeondoka tena kitandani, yatima asiye na kitu cha kurudisha, hawa wote hesabu yawaacha nje. Nao ndio wale ambao Bwana, katika Luka mlango wa 14, atuagiza kuwaalika mezani, kwa sababu hawawezi kutulipa.

Hapa ndipo Injili inaponena. Paulo hawaambii Wafilipi: tazameni upande wa wengine, kwa kuwa mtapata faida. Awaonyesha Kristo Yesu, aliyekuwa katika utukufu wa Mungu, akajifanya mtumwa, akatii hata msalabani. Yeye hakungoja tuanze sisi. Kama Warumi mlango wa 5 ufundishavyo, tulipatanishwa na Mungu tulipokuwa tungali adui zake. Alianza yeye, akijua tutakavyomjibu.

Ni nini hasa kimzuiacho mtu asianze kutenda mema? Ni hofu ya kubaki mikono mitupu, yeye ametoa na mwenzake amenyakua. Hofu hiyo yaondolewa kwake aliyekwisha kupewa kila kitu na Kristo. Anaweza kuanza, maana akipoteza zamu moja ya maji hajapoteza urithi wake.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, siku ya mfongo ikitangazwa, Wakristo wawe wa kwanza kufika na majembe. Na kama yupo jirani ambaye umengoja miaka mingi akusalimu kwanza, usingoje Pasaka nyingine ipite. Nenda wewe.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyetutangulia kwa upendo tulipokuwa adui zako, inyoshe mioyo yetu iliyojipinda, utupe sheria za haki, na ujasiri wa kuanza. Amina.