Kamba Haina Mjomba

Wajukuu zangu wa Kyela, nawasikia mkinung'unika kwamba kugawa mistari na pembe kwa bikari ni mambo ya mtihani tu. Mnasema anayetaka katikati si apime kwa rula, agawe kwa mbili, yaishe? Kaeni kidogo niwape ninayoyajua.

Kwanza, msikariri hatua bila kujua sababu yake. Nendeni ufukweni Matema na kamba na vigingi viwili. Vichomekeni mchangani, mita 6 kati yake. Fungeni kamba ya mita 5 kwenye kigingi cha kwanza, mzungushe ncha yake mkichora tao refu upande huu na upande ule. Kisha hamieni kigingi cha pili, kamba ileile, urefu uleule. Matao yatakatana mahali pawili. Unganisheni mahali hapo kwa mstari ulionyooka. Mstari huo umepita katikati, mita 3 kutoka kila kigingi, tena umesimama kwa pembe mraba. Pimeni kutoka katikati hadi matao yanapokutana, mtapata mita 4. Tatu, nne, tano: hesabu hiyo fundi mwashi anaijua, ndiyo anayonyooshea kona za msingi.

Sasa ulizaneni kwa nini. Kushoto na kulia kumejengwa kwa kamba moja, hakuna upande uliopendelewa hata kwa unywele. Basi pembe mbili zilizo pale katikati lazima zilingane, na kwa kuwa zimekaa juu ya mstari ulionyooka wa nyuzi 180, kila moja ni nyuzi 90. Na kamba ikiwa fupi kuliko mita 3? Matao hayaonani kabisa. Anayelielewa hilo hana haja ya kukariri kwamba bikari ifunguliwe zaidi ya nusu.

Pili, jueni mstari huo una maana gani. Popote utakaposimama juu yake, vigingi vyote viwili viko mbali nawe kwa kiasi kilekile. Mstari unaogawa pembe nao una tabia hiyo: kila nukta yake iko umbali sawa kutoka mikono miwili ya pembe. Ila angalieni, umbali huo hupimwa kwa pembe mraba, njia fupi kuliko zote. Wengi hupima kwa mshazari, halafu wanalalamika kwamba mchoro umekosea.

Tatu, litazameni ziwa letu. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba uliopitisha mpaka kwenye ukingo wa Ziwa Nyasa, upande wetu, hadi mlango wa mto Songwe. Malawi inaushikilia mkataba huo. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji. Jambo hilo lilizuka mwaka 1967, likapamba moto tena mwaka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta na gesi, hadi Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, akaongoza usuluhishi.

Siwaamulii kesi ya mataifa. Nawauliza tu: hiyo katikati iko wapi? Nyasa ina urefu wa zaidi ya kilomita 550, mahali inabana, mahali inapanuka. Katikati yake ni mstari ulio umbali sawa kutoka pwani mbili, na wachora ramani huutafuta kwa kuunga vipande vya mistari hiyohiyo inayowachosha darasani. Anzieni mlango wa Songwe. Pwani yetu inaelekea kaskazini, Itungi. Ya Malawi inaelekea kusini, Karonga. Pembe inayotazama majini inakaribia nyuzi 180, kwa hiyo ukiigawa nusu, mstari unaingia ziwani karibu kwa pembe mraba. Hapo mstari wa kugawa pembe na mstari wa pembe mraba imekuwa kitu kimoja. Lakini Songwe nao huhama mkondo wakati wa mafuriko, na mwanzo ukihama, mstari wote unahama.

Nne, msidhani kilicho sawa ndicho kinachofaa. Chukueni ramani, mtafute mahali pa kujenga zahanati palipo umbali sawa kutoka mlango wa Songwe, Itungi na Matema. Choreni mistari miwili ya katikati, muone inapokatana: ni majini, kwa sababu pwani yetu imejikunja kulizunguka ziwa. Hesabu iko sahihi kabisa, ila zahanati haijengwi huko. Bikari itawaonyesha palipo sawa. Kujua kama panafaa ni kazi ya busara yenu.

Kesho mtagawana shamba la kakao la marehemu baba yenu, au mtachaguliwa kamati ya kijiji kupima viwanja. Msikate kwa macho, wala msipime usiku peke yenu. Iteni kaka, dada na jirani, chomekeni vigingi mbele yao, na kila mmoja aishike kamba kwa zamu. Kamba haina mjomba. Na mtu akikuambia, "Katikati ni hapa," usimbishie wala usimkubalie upesi. Mwambie akuchoree.