Nyuki Katika Nyumba ya Bwana

Maandiko: Kumbukumbu la Torati 22:6-7; Mathayo 4:5-7

Mliokuwa ibadani Jumapili mbili zilizopita mnajua kilichotupata. Tulikuwa katikati ya sifa, spika ziko juu, mara nyuki wakaanza kushuka kutoka darini kupitia tundu la taa. Kwaya ndiyo ilitoka ya kwanza. Kinanda kiliachwa kikilia peke yake. Sadaka haikukusanywa, na mhazini ananikumbusha mpaka leo.

Tukasimama chini ya mwembe, ushauri ukaanza. Ndugu mmoja akasema petroli, usiku, wakiwa wamelala. Mwingine akasema dawa ya kupuliza. Mama mmoja tunayemheshimu sana akasema hawa hawakuja wenyewe, wametumwa, tuwakemee. Tukakemea. Nyuki wakabaki.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 22. Mtu anatembea njiani, anakuta kiota, na mama ndege amelalia makinda yake. Mungu anamruhusu kuchukua makinda, lakini mama amwache aende. Ni amri ndogo, unaweza kuipita ukikimbilia mambo makubwa. Lakini angalia ahadi iliyofungwa nayo: mema, na siku nyingi. Rudi nyuma mpaka 5:16, kwenye amri ya kumheshimu baba na mama, utakuta ahadi ni hiyo hiyo. Mungu ameweka kiota cha ndege karibu na heshima ya wazazi! Na hakusema mtu asichukue chochote. Anajua tuna njaa, anajua tuna nyumba za kulinda. Ameruhusu haja yako, kisha akaiwekea mpaka.

Mimi huo mpaka niliuvuka. Kabla ya utumishi nilikuwa na duka la nafaka Wote. Nimesomea biashara, kwa hiyo nilipiga hesabu haraka: tumbili wanatoboa magunia ya ndengu, sumu ni bei ndogo kuliko kurekebisha dirisha. Nikachanganya sumu na mahindi nikaweka nyuma ya stoo. Tumbili walikuwa werevu, hawakugusa. Kuku wa mama mjane wa jirani ndio walikula. Kuku saba. Alilia akisema ni ugonjwa, nami nikasimama pale nikimpa pole. Miaka minne nilihubiri nikiwa na hilo jambo ndani yangu. Siku niliyorudi kumlipa alinitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unajua siku ile?" Nikasema ndiyo. Dirisha, nilikuja kujua, lingetengenezwa kwa waya na misumari asubuhi moja tu. Na nyani na tumbili ni wanyamapori, sheria ya mwaka 2013 inawalinda, ukimwua bila kibali ni kosa. Hilo darasani sikufundishwa.

Kwa hiyo safari hii nilikataa petroli. Tulimwita mzee mmoja mfugaji wa nyuki, ambaye hata si mshirika wetu. Alikuja jua linazama, na moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Akafungua ubao wa dari polepole, akakata masega yenye watoto na kuyafunga kwa kamba ya katani kwenye mzinga wa mbao. Akatuambia: malkia akiingia, wengine watamfuata. Wakaingia kama washirika wakisikia chai iko tayari. Akaacha mzinga pale mpaka giza ili waliokuwa nje warudi, kisha akaubeba mbali, kwa maana ukiupeleka hapo karibu tu watarudi darini. Alidai asali iliyobaki, basi. Kabla ya kuondoka alitukanya: msipokwangua nta na kuziba tundu, harufu itavuta kundi lingine. Pia akasema nyuki hawapendi marashi wala kelele. Kina dada na watu wa spika, mmesikia.

Najua kuna msomaji Kibwezi au Mutomo anayesema, "Pasta, nyuki ni kitu kidogo, njoo uone ndovu." Ni kweli. Ndovu wakitoka Tsavo wanaweza kumaliza shamba la msimu mzima usiku mmoja, na watu wamekufa. Siwezi kukuambia umpungie mkono. Toa watoto njiani, piga simu KWS, usimfukuze kwa mawe. Lakini sikiliza hili. Huko Sagalla, karibu na Voi, mtafiti Lucy King na wakulima walizungushia mashamba mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya, hatua chache kati ya mmoja na mwingine. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na lile jitu linageuka na kukimbia. Nyuki wale wale tuliotaka kuwachoma kwa petroli! Ndovu haui mtu, mtu haui ndovu, na mkulima anavuna asali. Baba zetu Ukambani walitundika miatu kwenye mibuyu zamani, ingawa asali nyingi, tuseme ukweli, iliishia kwenye uki.

Neno moja kuhusu nyoka, maana vijana waliniuliza juu ya Marko 16. Paulo pale Malta alikuwa anaokota kuni, hakumtafuta nyoka ili aonyeshe upako. Na Yesu alipoambiwa ajirushe kutoka hekaluni, alikataa kumjaribu Mungu. Nyoka akiingia nyumbani, toka, funga mlango, mtu mmoja amwangalie kwa mbali, mwite anayejua kumshika. Wengi huumwa wakijaribu kumwua. Na mtoto akiumwa, usimchanje, usimfunge kamba, usimwekee jiwe jeusi. Asitembee, abebwe hospitali. Ombeni mkiwa kwenye gari.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi tunaziba dari. Tunahitaji ngazi mbili, simiti nusu mfuko na waya wa matundu madogo. Kuna popo upande wa mimbari, hao tutawazibia jioni wakishatoka kula mbu, tukihakikisha kwanza hakuna watoto ndani. Na ile sadaka ya siku ya nyuki, mhazini anasema bahasha bado zipo mezani kwake.