Farasi 210 kwa Kazi ya Punda

Mpwa wangu, kaa hapo kwenye tairi. Nimechoka, lakini nitasema tena, maana mara ya kwanza macho yako yalikuwa kwenye simu.

Hiyo 3S-GE yako si injini mbovu. Aliyekuuzia hakudanganya: farasi 210 kwenye sisi 2,000, bila tabo. Yamaha ndio waliounda kichwa chake, na Toyota walipoitoa Altezza mwaka 1998, ile ya gia sita za mkono, kama hii yako, ikapewa vali za titani. Ila hukumuuliza farasi hao wanaishi wapi. Wanaishi kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika! Wewe asubuhi unatoka Mbagala hadi Kariakoo, mshale haugusi hata 3,000. Unalisha zizi zima kwa kazi ya punda mmoja, kisha unakuja kunililia kwamba lita haikufikishi kilomita saba.

Tena mgandamizo wake ni 11.5 kwa 1. Inataka petroli ya oktani ya juu, ile Wajapani wanayoiita haioku. Ukiitilia yoyote ya njiani, mafuta yanajiwakia kabla ya wakati, sensa inasikia kugonga, kompyuta inachelewesha cheche. Injini inasalimika, nguvu inapungua, nawe unazidi kukanyaga kuitafuta. Hapo ndipo pesa yako inapopotelea, si kwenye matundu ya tenki uliyoniambia nitafute.

Kudumu? Zilizoletwa hapa zikiwa zimenoki, ni chache zilizouawa kwa mwendo. Nyingi ziliuawa alfajiri: oili bado nzito, haijapanda juu, mwenyewe anapiga resi ili majirani wajue ameondoka. Na zikizeeka huanza kunywa oili. Mtu anangoja taa. Mwanangu, taa ile haikwambii oili imepungua, inakwambia presha imekwisha. Ikiwaka, huenda beringi za krenki zimeshaanza kusagika, na hapo unanunua injini nyingine, nayo hujui ilikotoka ilikuwa inaishije.

Sikwambii uiuze. Nami niliwahi kuwa na pikipiki. Mama yako atakuhadithia iliishia wapi.

Haya, fungua boneti. Chomoa kijiti cha oili. Kifute, kirudishe, uchomoe tena. Si kwa shati la kazini, chukua tambara lile pale.